Baba Alivyosimama kwa Ajili ya Picha

Harufu ya tope la mto Thames maji yanapokupwa, ikichanganyika na ya njugu zinazokaangwa kwa sukari pale darajani, bado hunirudisha kwenye kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunakaa Lewisham, Baba, Mama na mimi. Majira ya baridi yaliyotangulia Baba alikuwa ameanguka kwenye ngazi kazini, akaumia mgongo, na tangu hapo akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Huko Voi, kwa mama yake, habari hiyo haikufika. Nyanya alikuwa na presha, na Baba alijiapiza kwamba atamweleza siku atakapoweza kutembea tena.

Lakini Nyanya alitaka picha. Mtu akiwa na mwana Ulaya, kanisa zima la kwao hutaka kumwona huyo mwana mbele ya kitu cha maana, si sebuleni. Basi kila Jumamosi tulikwenda mji wa kale ulio kando ya mto Thames, tena kwa basi, maana kituo cha treni cha karibu na mto kilikuwa na ngazi tupu. Mji ule ni mzuri kwa mwenye miguu. Mawe ya njia zake yalimtikisa Baba mpaka meno yakagongana, na kila mlango wa kanisa la kale ulikuwa na vidato vyake. Mama alisukuma huku akiwalaani wafalme waliojenga. "Waachie," Baba alimwambia akicheka, "hawakujua kama nitakuja."

Kupiga picha kwenyewe kulikuwa kazi. Kwenye ukingo wa mto Mama alifunga breki, akamwinua Baba kwa kumshika kwapani, Baba akakamata kizuizi cha chuma, na Mama akamkumbatia kiunoni kama bibi harusi, kumbe ndiye anayembeba. Mimi nilivuta kiti kando, nikapiga upesi kabla magoti hayajalegea. Jasho lilimtiririka Baba, lakini tabasamu aliling'ang'ania. Wakati ule niliona ni mchezo tu. Nikikumbuka sasa, moyo unaniuma.

Jioni, picha ilipomfikia, Nyanya alipiga simu, tukamsikiliza sote. "Umenenepa, mwanangu! Na huyo mke wako mbona hakuachii hata kidogo?" Alicheka sana, kisha akaomba. Yeye hakuomba kwa jumla. Aliamini kila shida hutajwa kwa jina lake mbele za Mungu. Alitaja kazi ya Baba, baridi ya Ulaya, karatasi zetu za ukaaji, masomo yangu, hata mwenye nyumba. Baba aliitikia amina, uso ameuelekeza dirishani.

Simu ilipokatika Mama akamwuliza, "Si ungemwambia leo, Baba Mkamburi?"

"Wacha nimalize mazoezi ya physio kwanza. Nikipata nafuu nitamwambia mwenyewe, I promise."

Majani yalipoanza kupukutika, Nyanya alifariki usingizini. Tulisafiri wote kwenda kumzika, na ndugu wakakiona kile kiti kwa mara ya kwanza kikisukumwa kwenye vumbi la uwanja wa nyumbani. Walilia upya. Shangazi alishika gurudumu, asiliachie. "Kaka, hata mimi ulinificha?" Kaburini, baada ya kutupa udongo wake, ndipo Baba aliposema: "Mama ameniombea kila kitu. Miguu hii hakuiombea hata siku moja."

Ni miaka mingi sasa. Kituo kile cha karibu na mto kimewekewa lifti, makanisa ya kale yana njia za mteremko, na Baba hupita mjini amekaa kitini pake bila kumficha mtu. Kila Jumapili akina mama wa kanisa letu hapa Lewisham, Wakongo kwa Wakenya, humzunguka, wakamwekea mikono magotini na kuiombea miguu yake kwa sauti kubwa. Baba huitikia amina kwa adabu. Tukifika nje, hulia. Sauti aliyotaka imtajie miguu yake ilikuwa moja tu.