Kiti Changu Nyuma ya Mlango

Pale Kitale nilikuwa mkuu wa ghala la mahindi, na kila Ijumaa saa nne asubuhi niliitisha mkutano. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na sauti nzito, nikaona vyatosha. Ajenda niliiandika peke yangu, kwa Kiingereza, na mikutano niliiendesha kwa Kiingereza hichohicho, mbele ya watu ambao nusu yao walikuwa wakitazama viatu vyao. Kiti changu nilikiweka nyuma ya mlango makusudi. Aliyechelewa ilimbidi anigonge mgongoni ndipo aingie, naye angeona haya, asichelewe tena.

Tulikuwa tukikaa mpaka saa saba na zaidi. Mwishoni kabisa, watu wakishashika kofia zao, nilisema, "Mengineyo?" Hakuna aliyejibu. Nami niliandika kwenye kumbukumbu kwamba hakukuwa na mengineyo.

Karani wetu wa mizani alikuwa Mwislamu, mtu wa rika langu, mpole, mwenye mzaha wa chinichini. Mkulima akilalamika kwamba mizani inamwibia, yeye alipanda juu yake mwenyewe na kusema, "Mzee, soma. Kama nimekonda tangu jana, basi kweli inaiba." Nilimpenda. Tulikula mahindi ya kuchoma pamoja kila msimu, na ndiye mtu pekee aliyethubutu kuniambia kwamba koti langu la mkutano linanuka dawa ya wadudu.

Kila Ijumaa ikifika saa sita na nusu aliinuka taratibu aende msikitini. Nami nilimwambia kwa ukarimu wote, "Nenda, ndugu yangu. Tutakuambia tuliyoamua." Niliamini huo ndio wema.

Siku moja barua ilifika kwamba ghala letu la Bungoma linahitaji karani wa mizani. Nililitoa jambo hilo mkutanoni kama saa saba hivi. Kila aliyekuwemo alikuwa na sababu: huyu ana shamba, yule mke wake ni mjamzito, mwingine kifua chake hakipatani na joto la kule. Kiti kimoja tu hakikuwa na sababu, kwa kuwa kilikuwa kitupu. Tuliandika jina lake.

Aliporudi kutoka swala nilimpa habari.

"Mmekwisha kuamua?" aliuliza.

"Tumeamua."

"Basi heri," alisema, akachukua kitambaa na kuanza kufuta mizani.

Sikujua kwamba ana mama mgonjwa mtaani Kipsongo, hapohapo Kitale, aliyekuwa hainuki kitandani, na kwamba ile nusu saa ya chakula cha mchana alikuwa akimkimbizia uji. Akina mama waliokuwa wakishona magunia walijua. Lakini wao hawakuitwa mkutanoni. Walileta chai na kutoka.

Alihamia Bungoma. Kila Jumamosi jioni alikuja Kitale kumwona mama yake, Jumapili akarudi. Nilikutana naye sokoni mara mbili tatu, tukacheka kama zamani.

Kisha ikaja Ijumaa nyingine. Mkutano ulikuwa umeanza tu, mlango ukanigonga mgongoni. Alikuwa kiongozi wa washonaji, mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati wakalima Trans-Nzoia. Alichungulia kwenye ufa.

"Bosi, samahani. Kuna neno."

"Mama, tuko kwenye mkutano."

"Ni neno la haraka, bosi. Twahitaji simu."

Simu ilikuwa mezani kwangu, na namba ya Bungoma ilikuwa kwenye daftari langu. Siku hizo simu za mkononi zilikuwa za wachache. Sikugeuka hata kumtazama. "Kila neno kwako ni la haraka. Ngoja mengineyo."

Naye, kwa kuwa kifo hakipigiwi kelele mlangoni, akangoja. Alisimama nje na jirani aliyeleta habari kutoka Kipsongo, kwa muda wa zaidi ya saa tatu. Nilipouliza, "Mengineyo?" ndipo akaingia na kuniambia kwamba mama yake karani wa mizani alifariki alfajiri.

Nilipiga simu Bungoma. Wazee wa msikiti walimngoja mwanawe mpaka swala ya alasiri, kisha wakasema maiti haicheleweshwi zaidi ya hapo. Alipofika, watu walikuwa wakirudi kutoka makaburini na udongo kwenye viatu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Alinipa mkono, akaenda makaburini.

Baada ya majuma machache nilikwenda Bungoma kumwomba msamaha. Mfukoni nilikuwa na barua. Nilikuwa nimewaandikia wakubwa, wakakubali kumrudisha Kitale, nami njia nzima nilikuwa nikiwaza atakavyofurahi.

Nilimkuta katikati ya mkutano. Watu wote wa ghala, wapakiaji na washonaji na mfagiaji, walikuwa wamesimama wakiizunguka mizani, vikombe mkononi. Birika moja kubwa lilikuwa chini. Ilikuwa Jumanne, mapema, kabla ya malori.

"Tuanze na aliyefagia," alisema. "Yeye ndiye wa kwanza kuona."

"Ile ngazi imechoka, bana," mfagiaji akasema. "Mtu akianguka msiseme ni majini."

"Nani atairekebisha?"

"Mimi," mpakiaji mmoja akajibu. "Kabla lori la Myanga halijafika."

Mama mmoja akadakia, "Na nani huyo anaweka magunia mabichi chini ya makavu? Si tulisema juzi?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe mara ngapi? Ati kila wiki nikusamehe, kwani mimi ni padri?"

Walicheka, na aliyekosa akacheka kuliko wote. Birika likaisha, na mkutano ukaisha. Lakini kwanza rafiki yangu alinigeukia. "Mgeni wetu, una neno?"

"Nitangoja mengineyo," nilisema, nikidhani nafanya mzaha. Nilipoona uso wake, niliona aibu.

"Hapa hatuna mengineyo," alisema kwa upole.

Watu walipotawanyika nilimwomba msamaha, kwa yote mawili, uhamisho na simu. Aliitikia kwa kichwa akitazama chini. Kisha nikampa barua. Aliisoma polepole mpaka sahihi.

"Uliandika lini?"

"Mwezi uliopita."

"Ulimwuliza nani?"

"Wakubwa," nilisema.

"Ndugu yangu," alisema, na naapa kulikuwa na kicheko ndani ya sauti yake, "umenifanyia tena. Kitale nilikuwa na mtu wa kumpelekea uji. Sasa nikirudi nimpelekee nani? Wewe?"

Tulikaa juu ya magunia. Alinimiminia chai iliyobaki, robo kikombe, majani matupu.

"Haya, sasa niulize."

"Unataka kurudi Kitale?"

Alitazama mizani yake, na yule mpakiaji aliyekuwa tayari juu ya ngazi na nyundo.

"Sitaki. Nitabaki na hawa. Lakini asante kwa kuniuliza."

Jumanne iliyofuata, mapema, niliwakusanya watu wote wa Kitale, washonaji wakiwemo. Nilisema kwa Kiswahili kwamba leo mengineyo yatatangulia, na kwamba aanze kiongozi wa washonaji. Alisimama akiwa na sindano yake ya magunia mkononi. Nilijua anachoweza kusema, nami nilikuwa nimejiandaa kukisikia mbele ya wote.

"Mimi nina moja tu, bosi," alisema. "Hicho kiti chako. Kitoe mlangoni."

Niliinuka nikakibeba mwenyewe.