Nafasi ya Kidole Kimoja

Shemeji yangu alisoma mita za maji kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna mlima alioushuka kwa barabara.

Mji wetu umekaa kama kwenye bakuli. Milima imeuzunguka pande tatu, na juu ya kila mlima kuna tangi la maji. Kila tangi lina mita yake kubwa ambayo lazima isomwe kwa jicho. Shirika la maji lilimpa baiskeli na daftari. Asubuhi aliisukuma baiskeli kwa miguu mpaka juu, saa nzima na zaidi, akaandika namba, akafunga daftari kwa mpira, kisha akashuka. Alikuwa akisema kupanda ni kwa shirika, kushuka ni kwake.

Watu walimwita Mita. Mimi nilimwita shemeji, kwa sababu alimwoa dada yangu mkubwa nilipokuwa na miaka kumi na mitano. Mama yetu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo dada alipohamia kwake nilihamia naye, mimi na sanduku langu. Shemeji hakununa hata siku moja. Alisema amenunua ng'ombe akapewa na ndama.

Mimi ni fundi baiskeli. Kibanda changu kiko chini kabisa ya mlima wa tangi la tatu, chumba kimoja chenye mlango mmoja, beseni la kutafutia pancha na misumari ya kuning'iniza magurudumu. Mimi si mtu wa maneno. Shemeji ndiye aliyezungumza kwa niaba yetu sote wawili.

"Huo mdomo umefungwa kwa nati namba ngapi?" alikuwa akiniuliza mbele ya wateja. "Nipeni spana, leo niufungue."

Wateja walicheka, nami nilicheka, na kazi iliendelea.

Alikuwa na miteremko mitatu aliyoipenda. Wa kwanza aliuita Mgongo, ni mwamba mrefu mweupe usioota majani, unapita juu yake kama umempanda mnyama aliyelala. Wa pili ni njia ya mbuzi yenye kona kumi na moja, nyembamba kiasi kwamba pedeli zinagusa nyasi pande zote. Wa tatu aliuita Koo. Huo unaanzia tangi la tatu, juu ya kibanda changu. Unanyooka kwanza katikati ya misonobari, juu ya majani makavu yasiyotoa sauti, halafu unakata kona moja kali kushoto na kuingia kwenye korongo lililochimbwa na mvua. Ukitoka kwenye korongo unaona mabati ya mji chini yako, na moja ya mabati hayo ni langu.

Vijana fulani walichonga njia yao ya kuteremkia kwa majembe, wakaweka na vilima vya kurukia. Shemeji alienda mara moja, akarudi.

"Njia ya jembe haina akili," aliniambia. "Njia ya maji ina akili. Maji hayapendi kuumia. Yanapopita, nawe pita hapohapo."

Siku moja nilimfuata kwenye ile njia ya mbuzi. Kona ya pili ilinitupa kwenye miiba. Alirudi, akaketi kwenye jiwe, akanichomoa miiba mmoja mmoja huku akitikisika kwa kicheko. Alisema fundi baiskeli asiyejua kuendesha ni sawa na mpishi anayeshiba harufu. Sikumfuata tena. Tangu hapo kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Kila Jumamosi, hata baada ya watoto wake kukua na kuondoka, alishuka Koo kwa raha yake tu, na akitoka kwenye korongo alipiga kengele mara tatu. Nilipoisikia niliwasha jiko la chai.

Sasa niseme kuhusu breki yake, maana ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Wateja wote wanataka breki iliyokazwa, ukigusa tu inashika. Shemeji aliitaka ya nyuma hivyo, lakini ya mbele aliitaka imelegea. Nilikuwa naweka kidole changu cha shahada kati ya usukani na mkono wa breki, naubana mkono mpaka uguse kidole, na hapo ndipo raba zianze kulamba rimu, si kabla. Nafunga nati. Nafasi ya kidole kimoja. Nilifanya hivyo kila mwezi kwa zaidi ya miaka ishirini, bila kipimo kingine.

"Breki ya mbele si ya kusimamisha," alinieleza. "Ni ya kuuliza. Naiuliza kona, wewe ukoje leo? Inanijibu. Nikiuliza kwa nguvu, itanitukana."

Tena alikuwa na desturi moja kwenye Koo. Kutoka tangi mpaka ile kona ya kushoto hakugusa breki yoyote. Alisema ni heshima.

Macho yalianza kwa mambo madogo. Aligonga bega kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Alimwaga chai pembeni ya kikombe. Kisha akakosea namba za tangi, mtaa mzima ukapelekewa bili za mtaa mwingine, watu wakajaa kwenye ofisi ya shirika na karatasi mikononi. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Pembeni pameshakufa, katikati pamebaki kidogo, na kilichokufa hakirudi.

"Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba," shemeji alituambia. "Miaka yote nimefanya kazi ya mabomba, sasa wamenitia ndani."

Shirika lilimhamishia dirishani kupokea malalamiko. Baiskeli alibaki nayo. Na kila Jumamosi, kama kawaida, alipanda kwenye tangi la tatu akashuka. Nilimwuliza mara moja tu anashukaje.

"Macho huchelewa, shemeji. Mimi nashuka kwa mikono. Mikono inajua."

Dada alikuja kibandani Ijumaa moja mchana, bado amevaa gauni la kazi. Yeye ni mfuaji hospitalini. Hakukaa.

"Baiskeli iko wapi?"

"Hiyo hapo. Ameniachia niitie mafuta mnyororo."

"Iharibu."

Nilidhani anatania. Hakuwa akitania.

"Mdogo wangu, mimi ndiye ninayefua mashuka ya watu walioanguka. Najua damu ya kichwa inavyokauka, haitoki hata kwa maji ya moto. Nimemsihi, nimelia, nimemnunia wiki nzima. Ananiambia mikono inajua. Wewe ndiye fundi. Mwambie kuna chuma kimevunjika na hakipatikani."

"Atajua."

"Basi ajue akiwa mzima."

Akaondoka, akaniacha na baiskeli.

Dada ndiye aliyenilea. Sijawahi kumkatalia jambo. Shemeji naye sijawahi kumdanganya, na hata ningetaka, uongo unahitaji maneno. Nilikaa mbele ya ile baiskeli nikaizungusha pedeli bila sababu. Kuiharibu sikuweza. Kuiacha sikuweza. Nikafanya kitu cha katikati. Nikachukua raba mpya za breki, ngumu, nikazifunga kwenye gurudumu la mbele, kisha nikakaza waya kama ninavyowakazia watu wote. Niliwaza kwamba sasa atashuka polepole, na anayeshuka polepole haumii. Dada atapumua, naye atakuwa bado na mlima wake. Nikajiona nimekuwa na busara.

Jioni niliipeleka baiskeli nyumbani kwao, nikaiegemeza ukumbini. Shemeji alikuwa anaoga. Sikumsubiri. Asubuhi aliisukuma mpaka tangini kwa miguu kama siku zote, na anayesukuma kupanda hana haja ya breki.

Jumamosi ile nilikuwa nanyoosha spoku za gurudumu la muuza maziwa. Saa nne, saa yake ya kushuka, ilipita. Kengele sikuisikia. Niliwasha jiko hata hivyo, nikaweka maji. Maji yalichemka yakaanza kukauka. Ndipo mama mmoja anayevunja kokoto kule juu akaja amebeba kiatu cha shemeji.

"Wewe fundi, huyu Mita si ni ndugu yako?" akasema. "Yuko kwenye kona. Nimemwona kwa macho yangu. Baiskeli ilisimama, yeye hakusimama. Ilimtupa mbele kama gunia."

Nilipofika walikuwa wamekwisha kumlaza kwenye mlango wa mbao wamteremshe. Alikuwa na fahamu. Bega lilikuwa limekaa pasipo mahali pake na mguu mmoja umegeuka nje. Aliuliza ni nani anayepumua hivyo kama bata. Nikamwambia ni mimi.

Hospitali walisema bega na nyonga. Alilala huko wiki tisa, juu ya mashuka aliyoyafua mke wake.

Wiki ya kwanza nilikwenda nikiwa nimeamua kusema. Nilijifunza maneno njiani, yalikuwa machache: shemeji, niliikaza breki. Nikafika kitandani. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye.

"Niliuliza kama siku zote," alisema, akitazama dari. "Taratibu, kwa kidole. Maana yake nilikuwa nimeshaingia kwenye kona bila kujua. Sikuiona, shemeji. Mikono nayo ni vipofu. Nilikuwa najidanganya tu."

"Shemeji," nikasema.

"Usijali. Dada yako alinionya. Asiyesikia la mkuu, huyu hapa, nyonga imetiwa chuma."

Nikatoka wodini, nikasimama ukumbini. Dada alinifuata. Alinishika mkono wote, kutoka kiwiko mpaka kiganja.

"Nashukuru hukunisikiliza," akasema. "Ile siku nilikuwa kama nimepagawa. Ungeigusa ile baiskeli halafu yakatokea haya, ningejiona nimemuua kwa mkono wangu. Ningeishije?"

Nilitazama viatu vyangu. Yale maneno niliyojifunza njiani sasa yalikuwa yanawahusu watu wawili, na kila nilipoyapeleka upande huu yalimuumiza huyu, nikiyageuza yanamuumiza yule. Nikayameza. Kumeza ndiyo kazi ninayoijua.

Baiskeli waliileta kibandani wale waliombeba. Nilinyoosha rimu, nikabadilisha spoku sita, nikafuta udongo wa korongo. Nilipofika kwenye breki ya mbele nikatoa zile raba mpya nikazitupa. Nikarudisha za zamani. Kisha kidole changu kikaingia chenyewe kati ya usukani na mkono wa breki, nikabana, nikafunga nati. Sijui kama nilikuwa natubu au naficha. Wakati ule sikujiuliza. Niliitundika baiskeli kwa kamba mbili, moja kitini na moja usukanini, ikabaki inaning'inia usawa wa kifua.

Baada ya miezi minne shemeji alikuja kibandani kwa fimbo, dada amemshika. Lile bomba la macho lilikuwa limezidi kuwa jembamba. Alikaa kwenye kreti, akauliza hali ya biashara, akamtania muuza maziwa aliyekuwepo kwamba baiskeli yake inalia kuliko ng'ombe wake. Muuza maziwa alipoondoka, akasimama.

"Nionyeshe iko wapi."

Nikamwongoza mkono mpaka kwenye usukani. Aliupapasa wote, taratibu, mpaka kwenye mkono wa breki. Akaingiza kidole chake cha shahada, akabana. Raba zikalamba rimu. Akaachia. Akabana tena.

Akabana mara ya tatu, akaacha kidole palepale.

"Ipo vilevile," akasema.

Dada akauliza, "Nini kipo vilevile?"

"Breki. Nafasi ya kidole, kama siku zote." Akacheka kidogo, si kile kicheko cha siku ya miiba. "Unajua, kule kitandani nilijiwekea tumaini la kijinga. Nilisema labda kosa ni la baiskeli. Labda waya ulijivuta, labda kuna kitu kilishika. Nikasema nikikuta hivyo, mikono yangu haina kosa, na nyonga ikipona nitapanda tena. Hata mara moja. Hata kwa miguu, nikashike tangi tu nirudi." Akaupigapiga usukani kwa kiganja. "Haina kosa. Basi ni mimi."

Nilikuwa nimeshika spana namba kumi. Nilifungua mdomo, nadhani hata sauti ilitoka kidogo, kwa sababu wote wawili walinigeukia. Yeye alinigeukia kwa sikio. Dada alinitazama usoni. Alinitazama hivyo muda mfupi tu, kisha uso wake ukaanza kubadilika, kama mtu anayekumbuka ameacha kitu motoni, akatikisa kichwa, kidogo sana. Sijui kama alikuwa akikataa kujua au ananiomba nisiseme. Sijamwuliza mpaka leo.

"Usihangaike kunifariji," shemeji akasema. "Hata siku ya posa ulikaa kama kiti. Nitundikie hivyohivyo, isishuke."

Sasa anakuja kila Jumamosi saa nne. Dada humleta mpaka kizingitini na hurudi upesi, haingii. Shemeji hushika usukani wa baiskeli iliyotundikwa, nami nazungusha gurudumu la mbele kwa mkono. Anachagua mteremko mwenyewe. Kwenye Mgongo ananiambia nizungushe polepole. Kwenye njia ya mbuzi anahesabu kona zote kumi na moja na hakosei. Lakini mara nyingi anataka Koo.

"Kaza mwendo," ananiambia. "Hii ni misonobari. Sikia, haina sauti."

Nazungusha kwa nguvu zangu zote, upepo wa spoku unampiga kifuani, mikono yake imetulia mbali na breki, kwa heshima. Halafu anasema tumefika kwenye kona, anabana kwa kidole kimoja, anauliza. Gurudumu linapungua taratibu, laini, vile linavyotakiwa kupungua.

"Unaona?" anasema. "Hapa ndipo nilipokosea."

Namwambia ndiyo, naona. Kisha nawasha jiko la chai.