Sanduku la Katuni na Fungu la Sostenes

Sostenes alipomkimbia mkewe Hosiana na kwenda kuishi na mwanamke wa Kahama, alichukua ng'ombe, baiskeli na redio, na mwisho kabisa akang'oa mlango. Mlango! Hosiana akabaki Kharumwa katika nyumba inayofungwa kwa kitenge, mbuzi wa jirani wakiingia na kutoka kama wapangaji. Kitu kimoja tu mwanamume yule hakukitaka, tena alikisukuma kwa mguu: sanduku la bati lililojaa vitabu vya katuni.

"Takataka zako kaa nazo," alisema.

Takataka hizo Hosiana alizikusanya tangu usichana. Shule hakuipata, maana baba yake aliona ni afadhali achunge ndama, kwa hiyo maandishi kwake yalikuwa kama nyayo za kuku. Lakini picha ni picha. Kila siku ya gulio alipita kwa Rhoda, muuza karanga, akampa magazeti ya kufungia biashara yake, naye Rhoda akamtolea katuni kuukuu kabla hajazichana. Hosiana alizinyoosha kwa pasi ya mkaa, akazishona mgongo kwa uzi wa gunia, akazitandikia majani ya mwarobaini zisiliwe na wadudu.

Zilikuwamo za enzi zile wanaume wanavaa suruali pana kama sketi, wapelelezi wakikimbizana na walanguzi. Zilikuwamo za majini na wafu. Hizo alizilaza chini kabisa, kifudifudi, zisije zikawatisha wa katuni za mapenzi. Na ilikuwamo moja ya rangi, kutoka nje, yenye mwanamume anayeruka angani huku amevaa chupi juu ya suruali. Huyo Hosiana alimhurumia sana. "Hana mke wa kumwambia," alisema kila alipomfungua.

Kwa kuwa hakujua majina yao, aliwabatiza mwenyewe. Watu wema aliwapa majina ya kaka zake. Wabaya wote waliitwa Sostenes. Mlanguzi alikuwa Sostenes, jini lenye pembe lilikuwa Sostenes, hata mbwa mmoja aliyeiba nyama harusini naye alikuwa Sostenes.

Basi mwaka huu mchimbaji mmoja aliyetoka Dar es Salaam akasema dukani kwamba huko kwao watu wanazitafuta sana katuni za zamani, na wanazinunua. Maneno hayo yakafika Kahama haraka kuliko basi. Kesho yake Sostenes huyo hapa, na viatu vya kuchongoka. Hakupita hata kumsalimia mke aliyemwacha. Alikwenda moja kwa moja kwa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, kushtaki kwamba sanduku ni mali ya ndoa, naye anataka fungu lake.

Mtemi wa sungusungu, mzee Magesa, akaita kikao. Wazee wakaketi na fimbo zao, sanduku likawekwa katikati. Hosiana alipoliona pale limezungukwa na miguu ya wanaume, akalisogelea. Wakilitoa hili, alijua, atabaki na kitenge mlangoni na mbuzi wa watu.

"Shikamoo mtemi."

"Marahaba, mayu," mtemi akamwita mama kwa Kisukuma. "Kaa. Sostenes, sema."

"Mtemi, mwanamke huyu hajui hata herufi moja. Kitabu cha nini kwake? Mimi nimemaliza la saba."

"Ulivikusanya wewe?"

"Vilikaa chini ya paa langu."

"Hata mimi nilikaa chini ya paa lako," Hosiana akamkata, "mbona hukunibeba?"

Watu wakaangua kicheko. Mtemi akagonga fimbo chini. "Ng'ombe wakigombaniwa hapa, kila mmoja hueleza alama za ng'ombe wake na uzao wake. Mwenye mali hajifichi. Nanyi elezeni hivyo hivyo."

Sostenes akaanza. Alichukua katuni ya mpelelezi akaisoma kwa sauti kavu, neno kwa neno, kama anayesoma tangazo la chanjo ya mifugo. Mzee Pantaleo, aliyekuwa amesinzia, akazinduka akauliza kama kuna msiba.

Ikaja zamu ya Hosiana. Alichukua kitabu kile kile, akakiinua wote wakione.

"Huyu mwenye suruali pana ni kaka yangu Eliya. Na huyu anayekimbia na gunia la dhahabu anaitwa Sostenes."

"Uongo! Jina lake limeandikwa hapa!"

"Kaa chini," Pantaleo akasema. "Pua ni yako."

Hosiana akaendelea. Sostenes wa kitabuni akadanganya wenzake, akaruka ukuta, akaangukia kwenye pipa la maziwa, akakimbia akidondosha maziwa hadi kwenye machimbo. Akateleza mdomoni mwa duara refu, shimo la wachimba dhahabu, akashika kamba. Kamba ikaanza kukatika, uzi mmoja, uzi mwingine. Wazee wakasogeza vigoda. Hosiana akafunua ukurasa. Hapakuwa na ukurasa.

"Akaanguka?" Mtemi alikuwa amesimama.

"Sijui, mtemi. Ukurasa wa mwisho mwenzangu huyu aliuchana, akasokotea tumbaku. Akauvuta."

Macho yote yakamgeukia Sostenes.

"Uliusoma kabla ya kuuvuta?" Mtemi akauliza taratibu.

"Niliusoma, ndiyo."

"Basi tuambie. Alianguka?"

Sostenes akajikuna shingo. "Sikumbuki."

Hapo pakachafuka. "Amevuta mwisho!" Pantaleo akapiga kelele. "Amevuta mwisho, na hakumbuki!" Mzee mwingine akataka achapwe pale pale. Mtemi alipopata nafasi ya kusikika, akatoa hukumu.

"Sostenes, fungu lako umeshalivuta. Lililobaki ni la mayu. Na mlango wake urudi."

Mlango haujarudi. Sostenes ametuma salamu kwamba mwanamke wa Kahama ameupaka rangi. Lakini sanduku liko mahali pake, na jioni ya siku ile ile mtu alikohoa nje ya kitenge. Alikuwa mtemi mwenyewe, peke yake, bila fimbo.

"Mayu, nisamehe. Nimeshindwa kula. Yule mtu kwenye kamba, wewe unadhani alianguka?"

Hosiana angeweza kumtungia mwisho wowote. Alikitazama kitabu, akamtazama Sostenes akining'inia juu ya giza, miguu hewani, pua ile ile.

"Hajaanguka, mtemi," akasema akifunga sanduku. "Wala hajatoka. Na mimi sina haraka naye."