Miyenzi Kati Yetu na Kwa Mama Neema

Wakati sisi tulikuwa wadogo kule mutaa wa Katoyi, hakuna mutoto aliyejua vizuri kwao kunaishia wapi. Kati ya nyumba yetu na ya Mama Neema kulikuwa tu mustari wa mawe meusi ya volkano, na mawe yenyewe tuliyahamisha kila tulipotaka magoli. Harufu ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa, za kukaanga ikitoka kwao, miguu ilienda yenyewe. Mama Neema, mwanamke wa upande wa Bukavu, hakuuliza kama tulikula. Alisema tu, "Munawe, mukae." Watoto wa leo wanapiga hodi, halafu wanangoja kuitwa kama vile wako kwa komisera wa serikali!

Lakini Papa alitoka Masisi, kwa wafugaji, na hakuweza kulala vizuri bila mufugo. Mbuzi yetu, kichwa ngumu kabisa, ilizoea mboga za lengalenga za Mama Neema, mpaka siku moja ikamaliza na sombe, majani yake ya muhogo. Bwana ya Mama Neema, karani wa ofisi, akatoka na abakosti yake, ile koti ya watu wa serikali. Siku zote alimwita Papa "Papa Shukuru", kwa jina langu. Siku ile:

"Sitwayeni, funga mbuzi yako!"

"Na weye sitwayeni, funga sombe yako!"

Sisi watoto tulicheka. Mama zetu hawakucheka. Wazazi wakianza kuitana sitwayeni, kama vile wako mu ofisi ya serikali, ujue mambo imeharibika.

Jumamosi, kisha Salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mutaa, Papa akapanda miyenzi kwenye mupaka wote. Ni miti ya lupango, ya kuzungushia nyumba, vijiti vya kijani tupu, na ukivunja kimoja kinatoa maziwa meupe yenye kuunguza. Ikashika upesi, ikatupita urefu. Kusema kweli, fujo iliisha. Lakini salamu nayo iliisha. Mama alikosa mutu wa kumusuka nywele, akawa anafunga kitambaa tu, hata siku ya Mungu.

Siku moja mupira wetu wa majani ya migomba ukaingia mu miyenzi. Nikauvuta, kijiti kikavunjika, maziwa yakaniruka machoni. Moto! Sikuona tena kitu. Mama alinimwagia maji huku analia. Kwetu kila mutu anajua kwamba dawa ya miyenzi ni maziwa ya mwanamke anayenyonyesha, na Mama hakuwa tena na mutoto mudogo. Pale karibu, aliyenyonyesha alikuwa mumoja tu.

"Mama Neema weee! Mutoto wangu anapofuka!"

Nikasikia miyenzi inavunjika, kra, kra, kra. Hakuzunguka barabarani. Alipita katikati ya miti yenyewe, kitenge kichwani, mutoto wa kunyonya amemuachia mukubwa wake, Neema.

"Lala! Fungua macho, weye mutundu!"

Maziwa ya vuguvugu yakaingia jicho hili, kisha lile. Aibu niliyosikia, mimi niliyekwisha kuanza shule ya primeri! Na yeye, huku ananikamulia, anamugombeza Mama:

"Miezi yote hii ulinyamazia nini?"

"Na weye je?"

Kisha wote wawili wakaanza kucheka juu ya kichwa yangu, na mimi bado kipofu.

Kesho yake macho yalifunguka, mekundu lakini yanaona. Niliona Papa anatoka na panga. Tulifikiri atakata yote. Alikata tu pale Mama Neema alipopita, akapasawazisha pakawa kama mulango. "Miyenzi ibaki," akasema. "Lakini watu wapite." Mbuzi akaifunga kamba, bila kumutazama karani.

Sasa tunakaa mutaa mwingine, Keshero. Lupango letu ni ukuta wa mawe na simenti, na vipande vya chupa juu yake. Hakuna mbuzi inapita, hakuna anayegombana na mutu. Upande wa pili kuna musichana, kwa sauti yake ni wa rika yangu. Sijamuona uso, wala sijui jina lake. Kila mangaribi namusikia anakariri mito ya Zaire kwa sauti. Akifika Kasai anasahau muto unaofuata, anakwama, anarudia, anakwama tena.

"Ruzizi," ninamwambia polepole, upande wangu wa ukuta.