Kitabu cha Tano cha Zawena

Harufu ya mdalasini mbichi hunirudisha Kinole, kwenye baraza ya nyumba yetu, ambako baba alikuwa akianika magome juu ya mkeka. Mwaka ule kiwanda alichofanyia kazi Morogoro mjini kilikuwa kimeuzwa, naye na wenzake wakapunguzwa. Tukarudi mlimani kulima.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na faraja yangu ilikuwa Zawena, binti wa vitabuni aliyeweza kuongea na radi. Vitabu vinne nilikuwa nimevisoma hadi vikabanduka majalada. Cha tano, cha mwisho, baba alikipata alipopeleka ndizi mjini. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kama anayenipa mtoto mchanga.

Nilikimaliza siku hiyohiyo. Ukurasa wa mwisho, Zawena akashtuka kitandani: kumbe yote yalikuwa ndoto! Jamani, mwalimu wetu alitukata alama kwa kumaliza insha namna hiyo. Nikakitupa uani, kuku wakatawanyika.

"Sisomi tena, baba," nikasema huku nalia. "Vitabu vitano vyote nimedanganywa!"

Hakunikemea. Alikiokota, akakipangusa vumbi. Baba hakuwa msomaji. Hata barua aliisoma akifuata mstari kwa kidole. Lakini wiki nzima nilimwona akitoka shamba, hoi, anakaa barazani na Zawena wake, midomo ikimcheza. Jumapili, tulipotoka kanisani, akaniita.

"Mwanangu, mwisho ni mbaya kweli. Na ule mto, mbuzi kumi na mtumbwi mmoja, aliuvukaje? Lakini pale anapoibembeleza radi isiunguze kijiji, hapo mwandishi kaweza. Au wewe unaonaje?"

Nikabisha. Naye akabisha. Mama alituita kula mara tatu, na mimi nilikuwa nimeshakwenda ndani kuchukua kitabu cha kwanza nimtafutie ushahidi.

Wakati ule nilidhani amekipenda tu. Nilipopata watoto ndipo nikaelewa. Siku zile baba alikuwa na majonzi yake: kazi ya ujana wake wote ilikwisha kwa karatasi moja. Angeweza kuniambia kwamba cha kulilia ni hicho, si hadithi ya kubuni. Hakuniambia. Kwa hilo namshukuru kuliko kwa vitabu vyote alivyoniletea.