Namba ya Lori la Baba Mdogo

Utotoni mwangu pale Mafinga, lori la mbao likipinduka watu walikimbilia mambo mawili: kuokoa majeruhi na kusoma namba ya gari. Sitanii. Bahati nasibu ya kwenye simu ilikuwa imeshika kasi. Unatuma namba tatu, unasubiri matokeo ya jioni redioni, na magari yetu nayo yana tarakimu tatu. Watu wakaamini kwamba gari lililomwaga damu limeshachukua chake, kwa hiyo namba yake lazima irudishe kitu kwa walio hai. Nani alianzisha imani hiyo sijui. Ninachojua ni kwamba mafundi seremala, mama lishe na mwalimu wangu wa darasa la tano wote waliisadiki, na Jumapili walikuwa kanisani kama kawaida.

Baba yangu alikuwa fundi seremala mzuri. Yeye na mdogo wake, baba mdogo Gaudensi, walikuwa na shamba la miti ya paina walilolipanda wenyewe mwaka niliozaliwa. "Hii ndiyo ada ya Oliva," baba mdogo alipenda kusema, akinionyesha miti ambayo wakati huo ilinizidi urefu kidogo tu. Alikuwa utingo wa lori la magogo, mtu wa maneno mengi na vicheko. Nilimpenda kuliko watu wazima wote.

Lori lao lilifeli breki kwenye mteremko, likalala ubavu alikokuwa amekaa yeye. Tukamzika Igowole, nyumbani kwa bibi.

Msibani pale ndipo nilipoanza kuwaogopa watu. Walikuja kutoa pole, wakalia kweli, machozi kabisa. Jirani yetu mmoja wa Mafinga alimkumbatia mama jikoni, akajifuta pua kwa kanga, kisha akamwinamia sikioni.

"Pole mwaya, shoga yangu. Hivi lile lori lilikuwa namba ngapi?"

Mama aligeukia sufuria la maharage akaendelea kukoroga, ingawa maharage yenyewe yalikuwa bado hayajachemka.

Bibi alisikia minong'ono hiyo. Akatuita wote wa nyumbani, akaketi kwenye kigoda, akasema neno moja tu. "Namba ile asiitaje mtu mpaka tuanue matanga. Gaudensi bado yuko njiani. Mkimwita kwa kitu kilichomuua, atageuka nyuma, na akigeuka hatajua tena pa kwenda. Atakaa na huyo aliyemwita."

Baba aliitikia, "Tumesikia, mama." Alikuwa na simu mkononi. Aliitikia kwa heshima zote, akatoka, akaenda nyuma ya zizi, akaituma.

Ikatoka. Matanga hayajaanuliwa, majivu ya moto wa msiba bado yana joto, na namba ya lori lililomuua mdogo wake ikasomwa redioni. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Alifunika uso kwa viganja, na wageni wakadhani analia. Labda alikuwa analia.

"Gaudensi kanikumbuka," alimwambia mama tulipokuwa wenyewe.

Hazikuwa fedha za kutisha. Tulipata mabati ya upande mmoja wa nyumba, godoro, na mimi sweta jipya la shule. Lile godoro nililifurahia mno. Bibi alipopelekewa mchele na sukari hakufungua hata mfuko. "Mrudishie mkeo," alimwambia baba. "Mimi sili mwili wa mwanangu."

Kama ingekuwa hadithi ya kubuni, mwenye kuvunja mwiko angeumwa au kupigwa na radi. Baba hakuumwa. Alipata tumaini, basi. Kila palipoanguka gari, Nyigo, Makambako, hata mbali zaidi, alikwenda. Kazi za watu zililala karakanani mpaka wenyewe wakaja kuzichukua zikiwa nusu, huku wakimtupia maneno. Mama alimbembeleza, "Baba Oliva, rudi kwenye randa yako." Yeye alimjibu kwa upole, maana hakuwahi kuwa mkali, kwamba Gaudensi yuko naye, anamsikia, wavumilie kidogo tu. Hakushinda tena hata mara moja.

Paina aliziuza zikiwa changa, zikakatwa nguzo. Nilifika shambani nikitoka shule nikakuta visiki vyembamba vinavuja utomvu, na harufu yake tamu imejaa bonde zima. Shule yangu iliishia kidato cha pili. Mama akarudi kwao Kilolo, na sikumlaumu.

Siku hizi nauza vitambaa dukani kwa mzee mmoja Mwislamu, mjini Iringa. Mwaka juzi nikitokea Mbeya, basi letu lilipinduka. Nilivunjika mguu. Nilipopata simu wodini nilimpigia baba kwanza. Alilia kama mtoto. Akamshukuru Mungu, akaniuliza kama nimekula, kama kitanda kina blanketi.

"Oli mwanangu," akasema taratibu. "Basi lenyewe ulishika namba yake?"

Nilimtajia.

Zamani nilidhani bibi alimzungumzia marehemu, kwamba ndiye atakayekuja kukaa nyumbani kwetu. Sasa nadhani kilichokaa na baba ni ule ushindi mmoja. Laiti namba ile ingekosa, angemlilia mdogo wake, angemaliza, angenyanyuka. Lakini ilitoka, na mtu akishajibiwa mara moja na kaburi humfundishi tena kwamba makaburi hayajibu. Na nitamwambia nini? Kwamba asubiri nini badala yake? Sina cha kumpa.

Jioni ile muuguzi aliwasha redio. Matokeo yalipoanza kusomwa nilimwomba aongeze sauti, nikajiinua kwa kiwiko nisikie vizuri. Nilitaka itoke. Nilitaka kwa moyo wangu wote mguu wangu umpatie baba kitu. Haikutoka, nikageukia ukutani nikalia, na muuguzi akaniuliza kama niongezewe dawa ya maumivu.