Mihina ya Maimuna haitaki kudekezwa

Saa moja asubuhi, Mlali. Halidi ameinama na ndoo ya maji kwenye mstari wa kwanza wa mihina, na kabla hajamwaga hata tone, sauti ya mkewe inamkuta hapo hapo.

"Baba Furaha! Hayo maji peleka kwenye migomba! Mihina yangu iache na kiu yake!"

Halidi anacheka, anageuza njia. "Naionea huruma tu," anajitetea kwa mwandishi. Na kweli inatia huruma: ni Septemba, udongo umepasuka, na vichaka vimesimama katikati ya mawe na vijiua vyao vyeupe vinavyonukia.

Maimuna Abeid, mwenye umri wa miaka 44, hulima mhina mwenyewe, hukausha majani kivulini, huyatwanga na kuyachekecha yakawa hina, kisha huwapaka maharusi kwa mkono wake. Leo Alhamisi anakwenda Mwembesongo kumpaka Shadia, anayeolewa keshokutwa. Maharusi amepaka wengi, lakini nyumba hii anaiogopa.

Miaka minne iliyopita, katika nyumba hiyo hiyo, alimpaka Nasra, dada yake Shadia. Walisubiri mpaka asubuhi rangi ikolee. Wapi! Viganja vilibaki na unjano hafifu.

"Wifi mmoja akauliza kama bibi harusi ametoka kutwanga bizari," anakumbuka. "Nasra akalia. Mimi nilitamani ardhi inimeze."

Kosa lilikuwa mapenzi. Maimuna ni mzaliwa wa Matombo, ambako maji hayajawahi kuwa ya kutafutwa. Shangazi yake aliyeolewa Bagamoyo alipompa vipandikizi vya mhina, alivipanda huko huko kwao milimani, akavimwagilia asubuhi na jioni, akavitilia samadi na kuvifunika majani ya migomba. Vikanawiri hata majirani wakaja kutazama.

"Sisi Waluguru ukitupa mche, tunaunywesha. Ndivyo tulivyolelewa," anasema.

Shangazi alipokuja, alifikicha jani moja kiganjani na kucheka mpaka akakaa chini. "Umenenepesha majani, mwanangu, rangi umeizamisha. Huu mti hautaki kudekezwa. Unataka jua na shida."

Ndipo Maimuna alipokodi robo eka hapa Mlali, kipande cha mawe ambacho wakulima wa mahindi walikikataa. Miaka miwili aliishi kwa kuuza ndizi akingoja vichaka vikomae. Sasa hina humpatia kama shilingi 250,000 kwa mwezi. Na hathubutu kumpaka mtu kabla hajaijaribu kwenye kidole kidogo cha mumewe, ambaye ni fundi baiskeli.

"Kijiweni wananiita bibi harusi," anasema Halidi, akionyesha kidole chekundu. "Nimeshazoea."

Saa nane mchana, Mwembesongo. Anayefungua mlango ni Nasra, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama Furaha."

"Marahaba, mwanangu."

Nasra anampisha aingie. Juu ya meza ipo pakiti ya piko, ile rangi nyeusi ya dukani. "Mama kasema tuiweke tu karibu," Nasra anasema, macho chini. Maimuna ameiona. Anaketi mkekani, anavuta mkono wa Shadia na kuanza kuchora.

Jioni hina inabanduliwa. Viganja vina rangi ya chungwa tu, na mama yake Shadia anaitupia jicho pakiti ya piko.

"Tusubiri asubuhi," anasema Maimuna. Usiku huo analala kwa rafiki yake mtaa wa pili, kama kulala ni kugeukageuka.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Shadia anatoka chumbani na kufungua viganja mbele ya watu. Ni vyekundu, wekundu wa kukolea hasa, mpaka kwenye mistari ya vidole. Mama yake anapiga kigelegele na kuisukuma ile pakiti ya piko chini ya kochi. Maimuna anajifuta machozi kwa ncha ya khanga, bila kuona haya.

Nasra hapigi kigelegele. Anamkabidhi mama yake mtoto, anakaa mkekani na kunyoosha mikono yote miwili.

"Na mimi," anasema.

Maimuna anakoroga hina iliyobaki huku akisimulia mipango yake: msimu ujao ataongeza nusu eka ya mawe, afundishe wasichana wawili kazi hii, na ndoo ya Halidi aifiche.

"Lakini hayo baadaye," anasema, akikishika kiganja cha Nasra. "Kwanza nimalize harusi yangu ya miaka minne iliyopita."